Alikuwa Amevaa Nini?

Kazi yangu ni mizimu. Nikisema hivyo kwenye foleni ya kliniki watu hucheka, kisha hunitazama usoni waone kama nami nacheka. Ninafundisha fasihi katika chuo kimoja mjini Migori, na kwa miaka mingi nimezunguka kati ya Migori na Homa Bay nikikusanya masimulizi ya watu waliotokewa na wafu wao. Ninayarekodi, ninayanakili, halafu likizo ikifika ninaandika hadithi zangu mwenyewe za kutisha, ambazo wasomaji huniambia haziwatishi vya kutosha.

Siwalaumu. Nina somo moja la riwaya za kigothi, zile za Ulaya zenye majumba ya mawe, ngazi za kuzunguka na picha za mababu ukutani. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza mzimu wa namna hiyo ungepita wapi katika nyumba ya mabati ya vyumba viwili, ambamo watoto wamejaa sebuleni mpaka mlangoni. Mwenzake akamjibu kwamba ungewakanyaga. Darasa zima likavunjika mbavu, nami nikawaambia hiyo ndiyo insha yao ya wiki.

Mzimu wa kwetu hana ukumbi wa kutembelea. Anakuja mchana kweupe, anasimama penye lango, anauliza nani aliuza ng'ombe wake. Analalamika baridi. Anataka mtoto aitwe jina lake. Wazungu wa riwaya wanaogopa kwamba wafu watarudi. Wajane niliowarekodi Rodi Kopany na Uriri walikuwa na malalamiko mengine, kwamba marehemu anakuja kwa jirani na kwao hapiti. Wakati huo niliyaona maneno hayo kuwa ya kuchekesha kidogo. Niliyaweka katika sura ya tatu.

Nilikuwa na swali moja nililolitegemea kuliko mengine yote. Mtu akimaliza kusimulia nilimwuliza, "Alikuwa amevaa nini?" Aliyetunga hadithi hapo hapo alisitasita, akatazama juu, mwishowe akasema kanzu nyeupe. Aliyeona kweli, au aliyeamini ameona, alijibu bila kufikiri: sweta ya shule ya binti yake, ile yenye kiwiko kilichotoboka. Swali hilo halikuwahi kuniangusha. Nililifundisha kwa wanafunzi, nikaliandikia makala, nikajiona mtaalamu.

Mume wangu alilichekea. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa chanjo na josho, mwenye pikipiki nyekundu iliyonuka dawa ya kupe, na ndiye aliyenipeleka kote huko. Mimi niliingia ndani na kinasa sauti changu; yeye alibaki uani akizungumza habari za ng'ombe na wenye boma. Mara nyingi tulipokuwa tukirudi nyumbani nilikuta kwamba yeye ndiye aliyeambiwa hadithi nzuri zaidi. Alikuwa Msabato wa kuzaliwa, na kanisa lao linafundisha kwamba wafu wamelala na hawajui lolote mpaka siku ya mwisho. Mimi ni Mkatoliki wa upande wa Oyugis, sisi wafu wetu tunawaombea na kuwasumbua. Tulibishana hayo miaka yote ya ndoa, kwa raha kabisa, kama watu wengine wanavyobishana habari za mpira.

"Mimi nikifa nimelala," aliniambia. "Usije na hicho chombo chako kuniuliza nimevaa nini."

Alifia Ogwedhi, sokoni, siku ya mnada. Alikuwa akitazama meno ya fahali wa mtu, akasema anasikia kizunguzungu, akakaa chini kwenye samadi, hakuinuka tena. Moyo, walisema hospitalini. Tulimzika kwao, karibu na Rodi Kopany, mbele ya nyumba tuliyoijenga na ambayo tulikuwa hatujaipaka rangi.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo hakuna mtu atakayeelewa yaliyofuata. Kwa wazee wa nyumbani kwa mume wangu, mjane hafunguliwi na mazishi. Anafunguliwa na ndoto. Lazima alale katika nyumba yake, na marehemu aje usingizini kama mume ajavyo kwa mkewe, wawe pamoja kwa mara ya mwisho. Asubuhi mjane anawaambia wajane wakubwa wa boma, nao wanamnyoa nywele, na yamekwisha. Mpaka hapo, haingii nyumba ya mtu. Akiingia anaweza kuwaletea msiba. Watamletea kiti nje, watampa uji nje, watazungumza naye vizuri tu, lakini kizingiti havuki.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyaandika, na maelezo ya chini ya ukurasa nikayaweka. Niliandika kwamba desturi hii ni ya busara, kwa kuwa inamwachia mjane mwenyewe kuamua lini amemaliza kuomboleza; hakuna anayeweza kuingia usingizini mwake kuhakikisha. Nilipendezwa sana na sentensi hiyo.

Asubuhi ya kwanza baada ya wageni kuondoka, mama mkwe wangu alikuja mlangoni na birika la chai. Alikuwa na aibu. Yeye pia ni Msabato, mwimbaji wa kwaya, na mchungaji wao hataki kusikia habari hizi. Alitazama kando, upande wa kaburi.

"Nyar Kasipul," akaniita, kama wanavyoniita huko, binti wa Kasipul, kwetu upande wa Oyugis. "Amekuja?"

"Bado, mama."

"Sawa. Ni mapema."

Nilipewa likizo ya msiba, nikaimaliza nikilala huko. Nilijilaza mapema kama mgonjwa. Nilivaa shati lake. Niliacha kusali rozari kwa sababu nilihisi labda inamzuia, nikairudia kwa sababu nilihisi labda kuiacha ndiko kunakomzuia. Nililala usingizi mzito, usio na kitu. Nikiota, niliota karatasi za mitihani, au shangazi yangu ambaye yuko hai, au barabara ya Rongo. Kila asubuhi mama alikuja na birika, na kila asubuhi nilisema bado, mpaka akaacha kuuliza, akawa anatazama uso wangu tu na kumimina chai.

Nilirudi kazini Migori na watoto wetu, nikawa ninakwenda Rodi Kopany kila mwisho wa wiki kulala. Chuoni hakuna aliyejali desturi, isipokuwa mama anayefagia ofisi zetu, ambaye ni wa Homa Bay. Alianza kunisalimia akiwa mbali, kwa heshima, akingoja nitoke ndipo aingie. Lakini nilipotaka kuendelea na utafiti nilikuta habari zimenitangulia. Bibi mmoja wa Uriri, aliyekuwa ameniahidi hadithi ya mumewe aliyezama ziwani, alinikuta langoni kwake. Alinishika bega, akalia nami kwa dhati, kisha akaleta viti viwili chini ya jua. Hadithi zile hazisimuliwi uani. Kuku wanapita, watoto wanasikiliza, mtu anapiga honi barabarani. Alinisimulia habari za bei ya mahindi. Nikamshukuru nikaondoka, na kitabu changu kikasimama hapo, katikati ya sura ya saba, na mimi nimesimama nje ya nyumba za watu.

Ningeweza kusema uongo. Kila mtu ataniuliza hivyo, na mimi nilijiuliza kabla yao. Mimi ni mtunzi wa hadithi za mizimu. Ningewatungia wale wajane ndoto ya kuwatoa machozi. Ila sikuwa ninataka kunyolewa. Nilitaka aje. Mambo hayo mawili ni tofauti, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nikilipata la kwanza kwa kutunga nitakuwa nimekubali kwamba la pili halitatokea.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa wengine alikuja. Watu walijua kazi yangu, wakaniletea habari zake kama walivyozoea kuniletea habari za wafu wengine, kwa nia njema kabisa. Mwendesha boda wa Rodi alimwona njiapanda akisubiri kuvuka. Jirani alimwona nyuma ya zizi. Mwalimu mwenzangu, msomi wa shahada mbili, aliniambia kwa kunong'ona kwamba alimwota akimwuliza hali ya mbwa wake. Hali ya mbwa! Nilikwenda ofisini kwangu nikafunga mlango, nikampigia marehemu makelele kwa sauti ya chini ili wanafunzi wasisikie. Una nafasi ya kwenda kwa mbwa wa watu, nilimwambia.

Halafu mfanyabiashara wa ng'ombe, Mkuria mmoja aliyemjua tangu zamani, alinipigia simu akiwa Ogwedhi. Nilikwenda siku ya mnada iliyofuata. Alinikuta penye uzio, akavua kofia.

"Wewe ndio madam ya daktari? Pole, madam. Haki ya Mungu nilimuona hapa. Si ndoto, ni macho. Alikuwa anashika mgongo ya fahali yangu ile nyeupe, anaenda hivi, hivi, vile alikuwa anafanya."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Ile koti ya kijani imeraruka mfuko. Na gambuti."

Hakufikiri hata kidogo. Koti lile lilikuwa limening'inia nyumbani kwangu nyuma ya mlango, juu ya buti zake za mpira, na mfuko wake niliahidi kuushona.

"Alisema kitu?"

"Aah, hakusema. Nilimuita, daktari, daktari, akaenda tu huko kwa mbuzi."

Nilisimama Ogwedhi siku nzima. Ng'ombe walipita, vumbi, wanunuzi wa Narok wakipigana mikono kwa kukubaliana bei, wanawake wakiuza chai na mandazi. Nilikwenda kwa mbuzi. Nilikwenda kwa kondoo. Nilimtazama kila mtu mwenye koti la kijani, na jua likanipiga mpaka nikaona giza. Fahali walipoanza kupakiwa kwenye malori, yule Mkuria alinijia tena akiwa na chupa ya maji.

"Madam, enda nyumbani," alisema taratibu. "Mi naona huyu anakuja kuona ng'ombe. Hakuji kuona watu."

Nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli, ilikuwa yeye kabisa. Kisha nikalia mbele ya wanaume wote wa soko, kwa sauti, na hakuna aliyejua afanye nini na mimi. Mmoja akanishikia mkoba.

Baada ya hapo nilikata tamaa kweli, na ninataka kueleza hali hiyo bila mapambo, kwa kuwa riwaya ninazofundisha huipamba sana. Haikuwa na mvua wala upepo wa kulia. Nilikula, nilisahihisha insha, nilinunua sabuni. Ila kila kitu nilichokuwa nimekiamini kuhusu kazi yangu kilikuwa kimeniozea mikononi. Nilisikiliza rekodi zangu za zamani na kuwachukia wale wajane waliotembelewa. Nilisoma riwaya zile na kuwaonea wivu wenye majumba ya mawe. Mwanamke wa riwaya anapiga ukemi ngazini kwa sababu amemwona mfu wake, na mimi nilikuwa nikifikiri: wewe una bahati gani, nyamaza.

Mama mkwe aliona. Wikendi moja tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba tukimenya karanga, mbalimbali kidogo, kila mmoja na ungo wake, maana hata kwake nilikuwa siingii. Aliangalia kushoto na kulia kama anayetaka kuiba.

"Nikuambie jambo," akasema, "na usimwambie mchungaji."

"Sema, mama."

"Kwangu anakuja."

Karanga zikanimwagika. Akaendelea upesi, akitazama ungo wake. Anakuja mara kwa mara tangu alipozikwa, alisema, kila mara ndoto ile ile. Anaingia nyumbani kwake, kwa mama, amechoka. Anavua gambuti anaziacha nje ili asichafue sakafu, kama alivyomfundisha utotoni. Anakula ugali na maziwa lala. Hasemi sana. Kisha anajinyoosha pale kwenye mkeka na kulala, na yeye anakaa kando akimfukuzia nzi. "Nikiamka," alisema, "yeye bado amelala. Nafurahi siku nzima."

Miezi yote ile aliponiuliza mlangoni kama amekuja, yeye alikuwa ametoka kumlisha. Nilimwonea wivu mpaka nikasikia ladha yake mdomoni. Sijui kama aliuona, nadhani aliuona. Aliweka ungo chini.

"Ichukue," akasema.

"Nichukue nini?"

"Hiyo. Wapelekee kina mama, sema ni yako. Sema aliingia kwako, akavua gambuti, akala, akalala. Hayo mengine hawatakuuliza. Ni wajane, wanajua." Akaanza kuokota karanga zilizonimwagika. "Mimi nimekuwa naye tangu hajaota meno. Wewe huwezi kukaa nje ya nyumba za watu mpaka uzeeke. Wajukuu zangu watakula wapi?"

Nilikataa. Alisisitiza. Kisha akaniuliza swali, na aliliuliza kwa unyenyekevu, kama watu wanavyomwuliza daktari.

"Wewe ndiye umesomea mambo haya. Mtu akimpa mwenzake ndoto, inamwishia?"

Katika miaka yangu yote ya utafiti sijawahi kukutana na jambo hilo, mtu kumpa mtu ndoto. Sina simulizi hata moja, sina makala. Ilinipasa kusema sijui. Lakini alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimechoka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mtu alikuwa amenihitaji kama msomi.

"Haiishi, mama," nilisema. "Ni yako."

Asubuhi iliyofuata niliwaambia wajane. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, miguu wameinyoosha, nami nikasimulia kama nilivyopewa bila kuongeza neno. Mtunzi mzima, sikuthubutu kuongeza neno. Mkubwa wao aliuliza tu kama alikula akashiba. Nikasema alishiba. Wakapiga vigelegele vya chini chini ili mchungaji asisikie, wakaleta wembe na maji, wakaninyoa. Upepo ukanipiga kichwani. Wakanishika mikono wakaniingiza nyumba baada ya nyumba, chai kila nyumba, mpaka tumbo likanijaa kama ngoma. Mama mkwe alikuwa nyuma yetu akiimba wimbo wa kanisani.

Milango ilifunguka, hilo siwezi kulikana. Bibi wa Uriri alinikaribisha ndani, akafunga dirisha, akanisimulia habari za mumewe wa ziwani kwa kirefu. Nilimwuliza alikuwa amevaa nini, akajibu papo hapo. Sura ya saba nikaimaliza. Kwangu mimi hayakutokea mabadiliko yoyote: nililala, nikaota mitihani.

Ilipita muda kabla sijagundua kwamba mama amebadilika. Alikuwa haimbi akifagia. Nilifikiri ni magoti, maana magoti yanamsumbua. Nilimletea dawa ya kuchua. Siku moja mchana nilimkuta amekaa kitako kwenye mkeka, ule ule, mlango umeachwa wazi, naye anatazama kizingiti. Mbele yake palikuwa na kibuyu cha maziwa lala na sahani iliyofunikwa.

"Haji tena," aliniambia. "Tangu siku ile walipokunyoa."

Nilikaa karibu naye. Nilianza kusema kwamba ndoto hukatika zenyewe, kwamba huzuni ina vipindi vyake, maneno ya vitabu. Akanigusa goti ninyamaze. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira.

"Kwako anakuja?"

Ningeweza kusema anakuja. Nilimtazama, nikashindwa.

"Hapana, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Tulikaa hivyo, mlango wazi, kuku akaingia na hakuna aliyemfukuza. Nilikuwa nikifikiri kwamba sasa hakuna mtu hata mmoja duniani anayemlisha, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia haiishi.

"Nisimulie wewe," akasema. "Imeanza kunipotea. Naona gambuti, halafu giza."

Nikamsimulia. Aliingia amechoka. Akavua gambuti akaziacha nje. Akala ugali na maziwa lala, akashiba, akajinyoosha mkekani. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikifuata maneno yangu, kama mtu anayejifunza wimbo mgeni. Nilipofika mwisho akafumbua macho akaniuliza kwa hamu, akiniegemea:

"Alikuwa amevaa nini?"

Swali hilo nimewauliza watu wote wa nchi hii, kutoka Ogwedhi hadi ziwani. Nilimwuliza Mkuria sokoni. Nimewauliza watu nisiowajua, wenye wafu nisiowajali. Siku ile aliponipa ndoto yake juu ya ungo wa karanga, yeye akiwa bado anaiona yote, sikumwuliza.

"Sijui, mama," nikasema.

Akangoja, akidhani nitakumbuka.